Chumvi na Tope la Ziwa

Mtu asimamapo kando ya ziwa hutazama maji. Hutazama kama yamejaa au yamepungua, kama ni safi au yamechafuka, na kama samaki wapo au hawapo. Ni wachache wakumbukao kwamba chini ya maji hayo kuna tope, na kwamba mambo mengi yaonekanayo juu, kama vile maji kugeuka kijani, samaki kufa kwa wingi, au ndege kuja na kuondoka, mara nyingi huanzia huko chini. Leo twataka kueleza jambo moja tu la tope hilo: namna chumvi iliyomo majini iwezavyo kulifanya tope litoe chakula cha mimea lilichokuwa limekiweka kwa miaka mingi. Jambo hili lawahusu wote wakaao katika nchi kavu za Bonde la Ufa, na hasa watu wa Baringo, kwa sababu tutakayoieleza.

KWA NINI MAZIWA MENGINE YANA CHUMVI

Kila mto huchukua chumvi kidogo kutoka katika mawe na udongo. Twayaona maji ya mto kuwa matamu kwa kuwa chumvi hiyo ni haba sana. Mto ukiingia katika ziwa lenye njia ya kutokea, chumvi huingia na kutoka. Lakini katika nchi kavu yako maziwa yasiyo na njia ya kutokea. Maji huingia kwa mito na mvua, na huondoka kwa kunyonywa na jua tu. Jua huchukua maji na kuiacha chumvi. Kila apikaye alijua jambo hili: sufuria ya mchuzi ikisahauliwa motoni, maji hupungua na mchuzi huzidi kuwa wa chumvi, ingawa hapana mtu aliyeongeza hata chembe moja. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo maziwa ya Nakuru, Elmenteita, Bogoria na Magadi yalivyopata ukali wake.

Chumvi ya maziwa hayo si ile ya mezani peke yake. Sehemu yake kubwa ni magadi, ambayo watu hutia katika maharagwe au mboga ngumu ili ziive upesi, na ambayo imechimbwa kwa biashara katika Ziwa Magadi tangu miaka ya 1910. Maziwa ya Naivasha na Baringo nayo hayana mto utokao, lakini maji yake ni matamu, kwa sababu sehemu ya maji hupenya chini ya ardhi na kwenda zake pamoja na chumvi yake.

TOPE NI GHALA

Mito haileti maji na chumvi tu. Huleta pia udongo wa mashamba, majani makavu, samadi ya ng'ombe na mbuzi, majivu, na mahali palipo na miji huleta maji machafu. Vitu hivi huzama, vikachanganyika na mizoga ya samaki na wadudu, vikawa tope. Ndani ya tope hilo mna vyakula viwili ambavyo mkulima huviona vimeandikwa juu ya gunia la mbolea: fosforasi na naitrojeni. Mahindi huvihitaji. Mwani nao, yaani mimea midogo mno ya majini ambayo kwa wingi wake huyafanya maji kuwa ya kijani, huvihitaji vilevile.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Tope ni akiba ya namna hiyo. Vitu vilivyoingia ziwani zamani, kabla ya wengi wetu kuzaliwa, vingalipo chini. Swali la maana si kwamba akiba ipo au haipo, bali ni nani aliye na ufunguo wa ghala.

Tuanze na fosforasi. Ukiliacha jembe nje wakati wa mvua hushika kutu. Udongo mwekundu wa nchi yetu umepata rangi yake kwa sababu chuma kilichomo ndani yake kimeshika kutu vivyo hivyo. Kutu hiyo ina tabia ya kuikamata fosfeti, yaani fosforasi katika hali ile ambayo mimea huweza kuila. Ndiyo maana mkulima mwenye shamba la udongo mwekundu huweza kutia mbolea nyingi, na mmea ukapata kidogo: nyingine imekamatwa na kutu. Udongo huo ukichukuliwa na mvua hadi ziwani, kutu huenda nao, na fosfeti huenda ikiwa imeshikwa.

Maadamu uso wa tope wapata hewa ya oksijeni, kutu hubaki kutu, na fosfeti hubaki kifungoni. Oksijeni ikikosekana, bakteria walao uozo huibadili kutu hata chuma kikayeyuka, na fosfeti ikaachiliwa kupanda majini. Mtaalamu wa Kiingereza, Clifford Mortimer, aliyaeleza mambo haya katika maandiko yake ya mwaka 1941 na 1942, baada ya kuchunguza tope la maziwa ya kaskazini ya Uingereza. Katika maziwa ya maji matamu mambo hayo huweza kurudi nyuma: oksijeni ikirejea, kutu hufanyika tena, na fosfeti hukamatwa tena. Mlinzi amesinzia kidogo, kisha ameamka.

NAMNA CHUMVI IFUNGUAVYO GHALA

Chumvi ikiingia, mambo hubadilika, na hubadilika kwa njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni ya chumvi zenye salfeti. Katika tope lisilo na oksijeni wako bakteria watumiao salfeti badala ya hewa, nao hutoa kitu kiitwacho salfaidi. Mtu aliyewahi kukanyaga tope jeusi la ziwa, au la mikoko huko pwani, ameinusa: harufu yake ni ya yai viza. Salfaidi hukishika chuma kwa nguvu nyingi na kukigeuza kuwa cheusi. Chuma kilichoshikwa hivyo hakina tena nafasi ya kuikamata fosfeti. Huyu sasa si mlinzi aliyesinzia, bali ni mlinzi aliyefungwa kamba. Mwaka 1989 wataalamu watatu wa Marekani, Nina Caraco, Jonathan Cole na Gene Likens, walionyesha, kwa kulinganisha maji ya namna nyingi, kwamba kadiri salfeti inavyozidi ndivyo tope linavyotoa fosforasi kwa wingi zaidi.

Njia ya pili ni ukali wa magadi. Wataalamu hupima ukali wa maji kwa kipimo kiitwacho pH. Maji yasiyo chachu wala makali hupimwa 7. Maji ya Bogoria hufika kama 10. Katika maji makali namna hiyo, nguvu ya kutu ya kushika fosfeti hupungua, kwa sababu ukali wenyewe hugombea mahali pale pale ambapo fosfeti ilikuwa imekaa, ukaisukuma nje. Zaidi ya hayo, magadi hukamata karibu kalsiamu yote ya majini na kuigeuza kuwa chokaa, kwa hiyo kalsiamu, ambayo katika maziwa mengine huisaidia kutu kuiweka fosfeti chini, hapa haipatikani. Jack na Ida Talling, walioandika mwaka 1965 juu ya kemia ya maji ya maziwa ya Afrika, walionyesha kwamba baadhi ya maziwa ya magadi yana fosfeti nyingi sana kuliko maziwa ya maji matamu.

Njia ya tatu yahusu naitrojeni. Katika tope, naitrojeni hukaa zaidi katika hali ya amonia, ikiwa imejishikiza katika chembe za udongo wa mfinyanzi. Chumvi huleta sodiamu nyingi, nayo sodiamu huzisonga chembe hizo na kuchukua nafasi ya amonia, kama umati wa watu uingiao katika gari na kuwatoa waliokuwa wamekwisha kukaa. Amonia hutoka na kuingia majini. Tena wako bakteria ambao kazi yao ni kuibadili amonia kuwa naitreti, hatua ambayo huiwezesha naitrojeni kuondoka ziwani na kurudi hewani. Chumvi ikizidi, bakteria hao hudhoofika, na amonia hujilimbikiza. Katika maji yenye pH ipitayo 9 na robo, zaidi ya nusu ya amonia hiyo hugeuka kuwa ile iliyo sumu kwa samaki.

Njia ya nne ni ya hewa. Maji yenye chumvi kama ya bahari, yaani kama gramu 35 katika kila lita, hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko maji matamu yenye joto lile lile. Tena maji ya chumvi ni mazito. Mvua kubwa ikinyesha na mto ukaleta maji matamu, maji hayo huweza kuelea juu, na yale ya chumvi yakalala chini kama blanketi juu ya tope. Hewa haifiki huko. Fosfeti na amonia hukusanyika chini ya blanketi hilo, hata siku ambayo upepo mkali huyavuruga maji yote na kuvipandisha juu kwa mara moja.

CHUMVI SI MFUNGUZI SIKU ZOTE

Isidhaniwe kwamba kila chumvi hufanya kazi moja. Chumvi zenye kalsiamu nyingi huweza kuifunga fosfeti na kuifanya kama jiwe. Vilevile chumvi huzifanya chembe za udongo zinazoelea zishikamane na kuzama, na chembe hizo huchukua chakula cha mimea kwenda nacho chini. Kwa hiyo mtaalamu hawezi kutoa hukumu kwa kuonja maji tu. Hana budi kuuliza: ni chumvi ya namna gani, tope lina chuma kiasi gani, na hewa yafika chini au haifiki?

Hata huko kuzama kwa udongo, ambako kwaonekana kuwa ni kheri tupu, kuna upande wake wa pili. Maji yakitakata, mwanga wa jua hupenya ndani zaidi, na mwani uliokuwa umezuiliwa na giza hupata nafasi ya kuota. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia tukifika Baringo.

JUA NA MVUA KATIKA NCHI KAVU

Katika nchi kavu chumvi haikai kwa kiasi kimoja. Ziwa Nakuru ni mfano mwema. Katika karne ya 20 lilikauka au kukaribia kukauka mara kadhaa, kisha likajaa tena. Kila linapopungua, chumvi huzidi; kila linapojaa, chumvi hupungua. Na kila mara uso wa tope la kandokando huachwa juani, ukapasuka nyufa, kisha ukafunikwa tena na maji.

Mkulima ajua kwamba mbegu zilizopandwa mapema, mvua za kwanza zinaponyesha, mara nyingi hustawi kuliko zilizochelewa. Mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alieleza sababu moja ya jambo hilo katika maandiko yake ya mwaka 1958: udongo uliokauka sana, ukiloweshwa, bakteria huamka kwa nguvu na kutoa naitrojeni kwa wingi kwa muda mfupi. Tope la ziwa lililokauka na kuloweshwa tena huweza kufanya vivyo hivyo. Hivyo mafuriko ya kwanza baada ya ukame hukuta ghala limekwisha kufunguliwa nusu.

Kufunguka kwa ghala si balaa kila mahali. Utajiri wa fosfeti katika maziwa ya magadi ni mojawapo ya sababu za kustawi kwa mwani uitwao spirulina, ambao ndio chakula cha heroe wadogo, wale ndege wa rangi ya waridi. Wakati mwingine zaidi ya milioni moja wamehesabiwa Nakuru, na watu wametoka mbali kuja kuwatazama. Lakini karamu hiyo hutegemea mizani nyembamba. Mwaka 1974 mwani huo ulipotoweka Nakuru, heroe wengi walihama. Na maji yalipopanda baada ya mwaka 2010, ukali wa ziwa ukapungua, wakahama tena.

MASHAKA YA BARINGO

Sasa twafika penye shida yenyewe. Ziwa Baringo lina maji matamu. Wailchamus huvua humo kwa vyombo vidogo vya miti myepesi, na ng'ombe na mbuzi hunywa pwani yake. Kusini yake, juu kidogo, liko Ziwa Bogoria, lenye magadi makali, chemchemi za maji ya moto, na lisilo na samaki. Kati ya maziwa hayo ni nchi ya tambarare yenye vinamasi.

Tangu kama mwaka 2010 maziwa yote mawili yamepanda. Kufika mwaka 2020 Baringo lilikuwa limetoka katika kilomita za mraba kama 130 na kukaribia 200, na Bogoria kutoka kama 33 hata kupita 40. Nyumba, malisho, shule na zahanati zilifunikwa, na watu wengi walihama. Katika miaka hiyo hofu moja ilisemwa mara nyingi: je, maji ya Bogoria yakifurika na kushuka hadi Baringo, itakuwaje?

Wengi walijibu upesi kwamba maji yatakuwa ya chumvi na samaki watakufa. Jibu hilo lina sehemu ya kweli, lakini halitoshi. Baringo ni ziwa la rangi ya kahawia, kwa sababu kwa miaka mingi mvua zimeshusha udongo kutoka katika vilima vilivyopoteza majani kwa kulishwa kupita kiasi na kukatwa miti. Udongo huo una chuma, na chuma hicho kimeshika fosfeti. Maana yake ni kwamba chini ya Ziwa Baringo liko ghala kubwa, na kinachozuia mwani usistawi zaidi ya ulivyo ni mambo mawili: kutu iliyoishika fosfeti, na uchafu wa maji uzuiao mwanga.

Magadi ya Bogoria yakiingia kwa wingi, yaweza kuviondoa vizuizi vyote viwili. Ukali wake waweza kuifungua fosfeti, na chumvi yake yaweza kuuzamisha udongo uliokuwa ukielea, hata mwanga ukaingia. Sodiamu nayo yaweza kuitoa amonia. Hatari basi si chumvi peke yake, bali ni chumvi pamoja na tope. Chumvi chache, ambazo ngege na kambare wangeweza kuzivumilia kwa kadiri yake, zaweza kuamsha mwani mwingi. Nao mwani ufapo na kuoza humaliza oksijeni, na samaki wakafa kwa kukosa hewa. Kamongo, anayevuta hewa juu ya maji, huenda akaokoka, lakini wavuvi hawataishi kwa kamongo peke yake.

YATUPASAYO KUFANYA

Hapana mtu awezaye kuamuru mvua inyeshe kiasi gani. Lakini kiasi cha akiba iliyomo katika ghala la ziwa kimo mikononi mwetu kwa sehemu kubwa, na ghala lisilojazwa halina mengi ya kutoa likifunguliwa.

Kwanza, mkulima wa milimani na alime kwa kufuata matuta, wala asilime ukingo wa mto hata ukingoni kabisa. Majani na miti ya ukingoni huukamata udongo kabla haujaingia majini. Kila toroli la udongo linalobaki shambani ni faida mara mbili: mbolea ya mwenye shamba haikupotea, na ziwa halikuongezewa mzigo.

Pili, mfugaji na asiweke boma lake kwenye mkondo wa maji ya mvua. Samadi iliyorundikwa hapo itafika ziwani. Samadi iliyopelekwa shambani itazaa chakula.

Tatu, wakaao mijini na wakumbuke kwamba ziwa lisilo na njia ya kutokea halisahau kitu. Maji machafu yaingiayo mtoni yakienda ziwani, fosfeti yake haifiki baharini kamwe. Hukaa pale pale, ikingoja siku yake.

Nne, wakaao kandokando ya ziwa na wajifunze kusoma dalili. Tope la kahawia juu yake ni dalili njema. Tope jeusi tangu juu, lenye harufu ya yai viza, ni dalili kwamba mlinzi amefungwa. Maji yakifanya utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msiwape mifugo, wala msiwaache watoto kuoga humo, kwa maana mwani wa namna fulani una sumu, na kuyachemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Samaki waliokutwa wakielea wamekufa wasiokotwe kwa kitoweo. Habari ya mambo hayo ipelekwe kwa afisa wa uvuvi au wa afya mapema, kabla upepo haujayavuruga maji na dalili zikapotea.

Maji ya maziwa ya nchi kavu hupanda na kushuka. Yamefanya hivyo tangu zamani, na yataendelea kufanya hivyo. Chumvi itazidi na kupungua pamoja nayo. Lakini tope hukaa. Lililowekwa humo na babu zetu latungoja sisi, na tutakaloliweka sisi litawangoja wajukuu wetu.